Mgeni Rasmi wa Sindano ya Tatu

Ndugu wasomaji, itifaki imezingatiwa. Yeyote anayestahili kutajwa kwanza ajihesabu ametajwa, maana mimi nina haraka, na nimekuwa na haraka tangu mwaka juzi.

Nchi ninayoisimulia siitaji jina. Hamuijui. Haifanani na nchi yoyote mliyowahi kuishi, na mkiona inafanana, hilo ni tatizo lenu na hiyo nchi yenu. Ni nchi nzuri tu. Ina mito, ina milima, ina Wizara ya Afya na Uzinduzi. Kwingine kitu kikikamilika kinatumika. Kwetu kikikamilika kinasubiri. Hakiguswi mpaka kizinduliwe, na hakizinduliwi mpaka aje mgeni rasmi, akate utepe, aseme machache kwa saa moja na nusu, kisha asaini kitabu cha wageni. Daraja la Mto Mbwera lilikaa miaka miwili na utepe wake, watu wakivuka chini majini huku wakilisifia. Gari la zimamoto lilifika siku soko kuu linaungua, lakini lilikuwa bado halijazinduliwa, basi likaegeshwa pembeni kwa adabu. Lilizinduliwa wiki iliyofuata, pale pale kwenye majivu, na mgeni rasmi akawapongeza wazimamoto kwa utulivu wao.

Mimi naitwa Kondo, mshereheshaji wa serikali. Kazi yangu ilikuwa kushika kipaza sauti na kuujaza muda mpaka mkubwa afike. Nimewahi kuujaza saa tisa mfululizo. Nimetaja majina ya wilaya zote, nikayarudia kutoka nyuma, nikaanza kuwasalimu watu kwa rangi za mashati yao.

Katika miaka yote hiyo nilikosea mara moja. Tulikuwa tunazindua tangi la maji. Likaja gari jeusi, akashuka mtu mwenye suti, mimi nikatangaza, "Mgeni rasmi wetu huyooo!" Bendi ikapiga, yule mtu akasukumwa mbele, akapewa mkasi, akakata. Kumbe dereva. Mheshimiwa alikuwa bado yuko njiani anakula mahindi. Kesi ilikaa kwa wanasheria wa serikali miezi saba, wakatoa uamuzi: mgeni rasmi ni yule aliyetangazwa na mshereheshaji kwa kipaza sauti, na utepe uliokatwa umekatwa. Mimi nikapewa onyo, dereva akapewa cheti. Tangi linatoa maji hadi leo.

*

Sasa dawa.

Kuna ugonjwa kwetu unaitwa kitetemo. Ukikupata hutulii. Mikono inacheza, miguu inacheza, kijiko hakifiki mdomoni, na usingizi hauji kwa sababu kitanda chenyewe kinatembea. Hauui haraka. Unamchosha mtu tu, kila siku, mpaka anachoka kuchoka.

Dada yangu Sikudhani ulimpata ana miaka arobaini na sita. Ni fundi cherehani. Ndiye aliyenilea mama alipofariki, akanisomesha kwa magauni ya harusi za watu wengine. Fundi asiyeweza kutunga uzi kwenye sindano ni fundi wa nini? Alikaa mbele ya cherehani yake kila asubuhi akiitazama, mikono ikimruka mapajani, wala hakuniruhusu niifunike.

Taasisi ya Dawa ikapata dawa, ikaiita Tulizo. Ikafanya kazi. Narudia, kwa sababu najua mtasema nimeongeza chumvi: ilifanya kazi. Watu mia tatu walijitolea kujaribiwa, na dada yangu alikuwa wa mia moja na kumi na mbili. Sindano tatu. Ya kwanza ilipopigwa, Sikudhani alitunga uzi. Alinipigia simu akilia, na mimi nikalia nikiwa jukwaani katikati ya uzinduzi wa ngazi. Ya pili ilipopigwa, alilala hadi jua likamkuta. Ya tatu ndiyo ya kufungia. Lazima ipigwe siku ya ishirini na nane baada ya ya pili, isipite hapo. Ikipita, mwili unasahau yote, na mwili ulioisahau Tulizo hauipokei tena maisha.

Mtauliza sindano mbili za kwanza zilipigwaje bila mgeni rasmi. Zilipigwa kimyakimya, Wizara ilikuwa haijajua kuwa dawa ipo. Ilipojua, ilifurahi sana, ikaifunga utepe.

*

Pale Taasisi kulikuwa na mtaalamu wa hesabu, Bi Mwajabu, mwanamke mwembamba asiyejua kusema uongo hata wa kusalimia. Ukimuuliza habari za nyumbani anakupa. Alikuwa ametengeneza kitu ndani ya kompyuta alichokiita Mfano.

"Ni kama nchi ndogo," alinieleza. "Naweka humo wauguzi, majokofu, chupa, wagonjwa na siku. Halafu naiachia iende yenyewe, mara elfu moja. Mwisho naona foleni inajazana wapi. Tunaongeza watu au vifaa pale pale, kabla hatujakwama kweli."

Nilimwambia ni wazo zuri na litamponza.

Alipeleka Mfano kwenye kikao siku ya tano baada ya sindano ya pili. Alikuwepo Waziri, Mheshimiwa Ngwamba, mtu mkubwa kila upande. Alikuwepo Bwana Faraji, Kaimu Mkurugenzi, aliyekuwa amekaimu miaka kumi na moja na alikuwa bado anasubiri kuthibitishwa. Nami nilikuwepo, maana kwetu hata kikao kina mshereheshaji.

"Kwa ujumla tuko vizuri," alisema Mwajabu. "Wauguzi kumi na wawili wanatosha. Majokofu matatu yanatosha. Chupa zinatosha. Tunakwama sehemu moja tu."

"Wapi?" aliuliza Waziri, kalamu mkononi, tayari kumfukuza mtu kazi.

Mwajabu akaonyesha ukutani. Kutoka dawa kuwa tayari mpaka kumfikia mgonjwa ni siku mia mbili hamsini na moja. Kati ya hizo, kusubiri mgeni rasmi ni siku mia mbili na kumi na nne.

Waziri akaifunika kalamu yake.

"Mama," alisema Waziri taratibu, "unataka kusema ugonjwa wa nchi hii ni mimi?"

"Hapana, Mheshimiwa. Mfano hauna majina ya watu. Umeandika mgeni rasmi tu."

"Na mgeni rasmi ni nani?"

"Kwenye ratiba zote nilizopewa ni wewe, Mheshimiwa. Na hawa mia tatu wamebakiwa na siku ishirini na tatu."

Hapo Bwana Faraji akanyoosha mkono. "Naomba mwongozo. Mfano huu umezinduliwa?"

Haukuwa umezinduliwa. Meza nzima ikashusha pumzi. Kama Mfano haujazinduliwa basi haupo, na kama haupo hauwezi kusema kitu, na mambo yasiyosemwa na mtu hayawezi kumuudhi Waziri. Wakanywa chai.

Ulizinduliwa Alhamisi, kwa keki yenye umbo la kompyuta. Halafu kamati ya Bwana Faraji ikaingia hotelini siku tatu kuurekebisha. Wauguzi hawakuguswa. Majokofu hayakuguswa. Walimrekebisha mgeni rasmi. Ndani ya kompyuta Waziri sasa anafika kwa wakati. Anafika robo saa kabla ya wakati, anasaidia kupanga viti, anahutubia dakika mbili, anaondoka kwa miguu.

"Na huku nje je?" aliuliza Mwajabu.

"Huku nje tutakuja awamu ya pili," alisema Faraji.

Mfano mpya ukatoa jawabu: hakuna kusubiri popote. Waziri akaenda redioni. "Ndugu wananchi," alisema, "kwa mara ya kwanza katika historia, taifa limemaliza foleni bila kuigusa foleni." Kisha zikaja hatua za utekelezaji. Kama hakuna kusubiri, dawa inahifadhiwa ya nini? Majokofu yote matatu yakahamishiwa Wizarani kupozea soda za sherehe. Kama hakuna foleni, wauguzi kumi na wawili wa nini? Wakabaki wanne. Tarehe ya sindano ya tatu ikapangwa siku ya ishirini na nane yenyewe, ya mwisho kabisa, ili shughuli iwe na uzito.

Nilimpelekea Sikudhani habari. Alikuwa anakunja upindo wa sketi, polepole, kama mtu anayeonja chakula cha moto.

"Majokofu yameenda wapi?"

"Kwenye soda, dada."

Akakata uzi kwa meno. "Basi soda itapona."

*

Siku ya ishirini na nane ikafika. Uwanja wa Taasisi, mahema mawili, meza kuu yenye maua ya plastiki, bendi ya polisi. Wagonjwa mia tatu wamelazwa juani kwenye mikeka, maana Tulizo hupigwa takoni mtu akiwa amelala. Mwenye kitetemo ukimpiga amesimama sindano inavunjika. Chupa zilikuwa kwenye maboksi ya barafu, na mbele ya maboksi ulikuwa umefungwa utepe mwekundu. Bwana Faraji alisimama kando yake na mkasi juu ya kimto. Muuguzi mkuu, Sista Koleta, alikuwa amesema wazi: barafu inatufikisha saa kumi tu. Kuanzia hapo dawa inaanza kuwa maji.

Shughuli ilikuwa ya saa tatu asubuhi. Saa sita Waziri alikuwa anatoka nyumbani. Saa saba alikuwa anakaribia. Saa nane alikuwa anakaribia zaidi. Saa nane na nusu tukaambiwa amepitia mahali kuzindua kalenda ya uzinduzi ya mwaka ujao.

Mimi nilijaza muda. Niliwasalimu wazee, nikawasalimu vijana, nikaisalimu bendi. Mikeka yote mia tatu ilikuwa inatikisika, na vumbi lilikuwa limeanza kuinuka, kwa sababu siku ya ishirini na nane mwili unaanza kuidai dawa yake. Miguu yangu nayo haikukaa. Nilitembea jukwaani huku na huku kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Nilishuka nikapita karibu na mkeka wa Sikudhani. Mikono ilikuwa imeanza tena kuruka mapajani, jambo nililokuwa nimelisahau.

"Usinitazame hivyo," alisema. "Mimi si maiti. Nenda kaseme kitu."

"Nimeishiwa vya kusema."

"Wewe? Tangu ulipozaliwa?"

Nyuma ya hema la bendi nikamkuta Mwajabu na kompyuta yake magotini. Alikuwa ameuficha ule Mfano wa kwanza, wa kweli.

"Waziri atafika saa kumi na mbili na nusu," aliniambia.

"Una hakika?"

"Hapa pana safari zake mia nne na sita. Hajawahi kuuaibisha Mfano."

Nikatazama barafu. Nikamtazama dereva mmoja amelala garini na suti yake. Hapo ndipo lile tangi la maji lilinijia, likasimama kichwani mwangu likiwa limejaa.

"Mwajabu, tuseme mgeni rasmi amefika sasa hivi, akakata. Wauguzi wanne, watu mia tatu. Muda gani?"

"Sekunde arobaini kila mtu. Dakika hamsini."

"Faraji atazuia kabla ya dakika moja."

"Asipoweza kusogea?"

Akaielekezea bendi kidole. Wimbo wa taifa letu una beti nane, kwa kuwa kila mtawala aliongeza lake, na unachukua dakika nne. Kanuni inasema ukianza, kila mtumishi wa umma asimame wima asipepese jicho mpaka mgeni rasmi aketi. Asipoketi, bendi inarudia. Kuketi wimbo ukiwa katikati ni uhaini.

"Hamsini kwa nne," alisema Mwajabu, vidole vikikimbia. "Mara kumi na tatu. Tukianza saa tisa na dakika tano tunamaliza zikiwa zimebaki tatu. Dereva hatakubali kusimama kiasi hicho; awe mgonjwa mwenyewe, na awe wa mwisho kupigwa, maana lazima awe amesimama muda wote. Inatosha. Ila awe mtu anayeweza kusimama."

Saa tisa na dakika tano nilipanda jukwaani. Nikapuliza kipaza sauti mara mbili.

"Ndugu wananchi, subira imefika mwisho. Naomba tumpokee mgeni rasmi wetu, Mheshimiwa Mjumbe wa Kudumu wa Baraza la Walioathirika, Mlezi wa Mafundi, Mshauri wa Heshima wa Taasisi. Tafadhali apite mbele."

Nilikuwa namtazama yeye tu. Jina sikulitaja. Kwetu ukitaja vyeo vya kutosha hakuna anayeuliza jina. Sikudhani alinitazama, akaelewa, akainuka kwenye mkeka akajifuta vumbi. Alitembea mpaka kwenye utepe huku mwili mzima ukimcheza, akachukua mkasi juu ya kile kimto.

"Huyu nani?" alisema Faraji.

Nikaiinulia bendi mkono.

Wimbo ukaanza, na Bwana Faraji akaganda mdomo wazi. Polisi wakaganda. Meza kuu ikaganda. Mkasi ulikuwa unaruka mkononi mwa dada yangu, ukauma hewa mara ya kwanza, mara ya pili. Miaka thelathini amekata vitambaa vya watu. Mara ya tatu akaushika kwa mikono yote miwili, akafumba macho, akakata.

Utepe uliokatwa umekatwa.

Ila kulikuwa na jambo ambalo Mwajabu hakuliweka kwenye hesabu. Wauguzi wetu nao ni watumishi wa umma. Wote wanne walisimama wima, sindano mikononi, ubeti wa kwanza mpaka wa nane. Dakika nne zikaondoka hivi hivi. Bendi iliporudia ndipo Sista Koleta, aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, alipotamka bila kusogeza midomo, "Mimi nainama." Akainama. Watatu wakamfuata.

Sindano zikatembea mkeka kwa mkeka. Wimbo wa tatu, wa tano, wa tisa. Mkeka uliopigwa ulikuwa unatulia, na wa pili, na wa tatu, ungeona uwanja unapoa kipande kipande. Sikudhani alikuwa amesimama mbele ya watu wote, magoti yakigongana, na mimi nikisema kwenye kipaza sauti kila wimbo ulipokwisha, "Mheshimiwa, ratiba inakuomba usikae." Wimbo wa kumi na tatu ulipokwisha walikuwa wamebaki watu kumi na wawili. Angeweza kuketi. Nilitamani aketi, Mungu anisamehe. Alihesabu ile mikeka iliyobaki, akatingisha kichwa, akabaki wima. Bendi ikaanza wa kumi na nne.

Saa tisa na dakika hamsini na tisa Sista Koleta aliinua kidole. Mia mbili tisini na tisa. Ilibaki chupa moja, na ubeti wa tano, na wa sita, na wa saba, na wa nane. Saa kumi na dakika moja wimbo ukakoma, na dada yangu akaketi chini palepale.

Nilikimbia na mkeka. Bwana Faraji akanitangulia. Alikuwa amelowa jasho, na nilidhani anaita polisi. Hakuita. Alikuwa ameshika kitabu cha wageni.

"Mgeni rasmi haondoki bila kusaini," alisema.

"Faraji, barafu imeisha."

"Ndugu yangu, umeshamtangaza. Utepe umekatwa. Kitabu kisiposainiwa ninayeulizwa ni mimi." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nathibitishwa mwezi huu."

Alisimama kati yetu na Sista Koleta, na polisi wake nyuma. Sikudhani akashika kalamu. Tarehe. Jina. Cheo. Anakotoka. Maoni. Kalamu iliruka ukurasa mzima, ikatoboa karatasi, Faraji akafungua ukurasa mwingine. Alipigwa sindano saa kumi na dakika saba.

*

Waziri alifika saa kumi na mbili na nusu. Utepe ulifungwa tena kwa fundo, akaukata, akazindua chupa tupu mia tatu, akatangaza kwamba Tulizo imeanza kufanya kazi rasmi jioni hiyo. Kamati ikaundwa. Ikagundua kuwa watu mia tatu walichomwa dawa ambayo kwa saa hiyo ilikuwa haijakuwepo, na kwamba mia mbili tisini na tisa walipona kabla ya wakati. Wakaandikiwa barua za kuwataka wawe na subira. Mwajabu akahamishiwa Idara ya Hali ya Hewa, ambako anatabiri mvua za mwaka jana. Mimi nikanyang'anywa kipaza sauti. Bwana Faraji bado anakaimu.

Mkono wa kulia wa Sikudhani ulitulia. Wa kushoto haukutulia, na hautatulia. Sasa mimi ndiye mkono wake wa kushoto. Nakaa ubavuni pake, nashika kitambaa, ananifokea nikivuta vibaya. Wizara ilipotafuta fundi wa kushona tepe za uzinduzi ikampa yeye, kwa kuwa hakuna aliyejua ndiye yule. Saini yake kitabuni haisomeki.

Tepe zake ni nzuri, nyekundu, zina pindo safi. Zina kasoro moja. Mahali fulani katikati nyuzi zimekosana kidogo, na upepo ukipiga asubuhi, utepe unakatika wenyewe. Zahanati ya Kibwagizo ilifunguka hivyo, saa nne kabla ya mgeni rasmi. Wauguzi walitazamana, wakaingia kazini, maana utepe uliokatwa umekatwa. Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya bohari lenye Tulizo ya watu elfu arobaini.

Jana ikaja barua ya Wizara: atoe maelezo, ndani ya siku saba, kwa nini tepe zake hukatika kabla ya mgeni rasmi kuwasili. Nilitaka kumwandikia majibu marefu, ya vyeo na samahani. Aliikataa kalamu yangu, akachukua yake.

"Mheshimiwa," aliandika, "mkono wangu wa kushoto bado unatetemeka. Dawa ilichelewa dakika saba."

Akasaini jina lake lote, kwa mkono wa kulia. Safari hii lilisomeka.